Ampère: yatima wa Lyon aliyefundisha dunia kupima umeme unaopita

Katika mji wa Lubudi, jimboni Lualaba, fundi anayetengeneza simu, anayefunga paneli za jua au anayeunganisha kadi ndogo za elektroniki hutamka jina la Mfaransa mmoja mara nyingi kwa siku, pengine bila kujua kwamba ni jina la mtu. Anasema batri ya amperi saba, fyuzi ya amperi kumi, chaja ya amperi mbili. Mtu huyo ni André-Marie Ampère, mwalimu wa hesabu aliyezaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1775 na kufariki Marseille mwaka wa 1836.

Leo jina hilo linawahusu zaidi vijana wanaojifunza kazi ya mikrokontrola, yaani kompyuta iliyofungwa ndani ya kipande kimoja kidogo kuliko ukucha. Kadi yenye mikrokontrola inaweza kupima mvua, kiwango cha maji ya mto, joto la chumba cha mbegu au unyevu wa shamba. Ikiwekwa porini, mbali na nyaya za SNEL, inaishi kwa batri peke yake. Basi kabla ya kuiacha huko, mwenye kuitengeneza anapaswa kujua jambo moja: kadi hiyo ikiwa imelala, inakula umeme kiasi gani? Jibu halihesabiwi kwa amperi nzima. Linahesabiwa kwa mikroamperi, yaani amperi moja iliyogawanywa mara milioni moja.

Aliyetufungulia njia ya kuuliza swali hilo aliishi maisha yenye misiba mingi. Hiki ni kisa chake.

Mtoto asiyeketi darasani

Ampère alizaliwa tarehe 20 Januari 1775. Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara wa hariri, biashara iliyoutajirisha mji wa Lyon. Familia ilikuwa na nyumba katika kijiji cha Poleymieux, juu ya vilima karibu na mji, na huko ndiko mtoto alikokulia.

Baba hakumpeleka shule. Alikuwa na maktaba nzuri, akamwachia kijana milango wazi. André-Marie alisoma alichotaka, kwa mpangilio wake mwenyewe. Alipitia ile kamusi kubwa ya elimu iliyosimamiwa na Diderot, kitabu baada ya kitabu, na hata uzeeni aliweza kueleza mambo aliyoyasoma humo utotoni. Alipotaka kusoma wanahesabu wakubwa kama Euler na Bernoulli, aligundua kwamba waliandika kwa Kilatini. Akajifunza Kilatini ili aweze kuwasoma. Akiwa na miaka 13 tu alikwisha kupeleka andiko la hesabu kwa wataalamu wa Lyon.

Malezi hayo yalimpa uhuru wa kufikiri, lakini yalimwacha na upungufu wake. Hakuzoea watu. Maisha yake yote alikuwa mwenye haya na msahaulifu, na macho yake hayakuona mbali. Paris nzima ilikuja kusimulia visa vya usahaulifu wake. Husimuliwa kwamba siku moja aliandika hesabu kwa chokaa nyuma ya gari la farasi akidhani ni ubao, na gari lilipoondoka akalikimbilia ili amalize. Kisa hicho huenda kimeongezwa chumvi, lakini wote waliomjua waliona kinafanana naye.

Msiba wa 1793

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka wa 1789, Ampère akiwa na miaka 14. Mwanzoni familia haikuguswa. Mwaka wa 1792 alimpoteza dada yake mkubwa, Antoinette. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi.

Baba yake alikuwa amechukua kazi ya hakimu wa amani mjini Lyon. Mji huo uligawanyika. Mwaka wa 1793 wakubwa wa Lyon walisimama dhidi ya serikali ya Paris, na kiongozi wa upande wa Paris mjini humo, Joseph Chalier, akakamatwa, akahukumiwa na kuuawa. Hakimu Ampère alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi katika kesi hiyo. Jeshi la Paris lilizingira Lyon na kuiteka mwezi wa Oktoba. Kisha zikaja hesabu za kisasi. Mwezi wa Novemba 1793, Jean-Jacques Ampère alikatwa kichwa kwa gilotini.

Mwana alikuwa na miaka 18. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja aliacha kusoma na karibu aache kusema. Alizurura, akitazama mbingu na kuchezea mchanga kama mtoto mdogo. Waliomrudisha duniani ni mimea: alipata maandiko ya Rousseau juu ya elimu ya mimea, akaanza kutembea vilimani akiokota majani na maua na kuyapa majina. Toka hapo akarudia mashairi ya Kilatini, kisha hesabu.

Wasomaji wa kwetu, ambako vita vimewatoa watoto wengi shuleni na kuwaacha bila baba, watamwelewa kijana huyu bila maelezo marefu. Hakurudi kwenye elimu kwa sababu msiba ulikuwa umekwisha. Msiba ulibaki naye, na juu yake ukaja mwingine.

Julie

Mwaka wa 1799 Ampère alimwoa Julie Carron, binti wa kijiji cha jirani, baada ya uchumba mrefu. Familia ya Julie ilitaka kwanza kuona kama kijana huyu asiye na mali wala cheti ataweza kulisha nyumba. Alianza kufundisha hesabu kwa wanafunzi binafsi mjini Lyon. Mwezi wa Agosti 1800 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Jean-Jacques, jina la babu yake aliyeuawa.

Baada ya kujifungua Julie hakupona vizuri. Mwaka wa 1802 Ampère alipata kazi ya kwanza ya serikali, ualimu wa fizikia na kemia katika shule ya Bourg-en-Bresse, mji ulio kama kilomita 60 kutoka Lyon. Ilimbidi aende peke yake. Mshahara ulikuwa mdogo, mke alikuwa mgonjwa, mtoto alikuwa mchanga. Kutoka Bourg aliandika kitabu kidogo juu ya hesabu za michezo ya bahati, akionyesha kwamba mchezaji anayecheza bila kikomo na tajiri aliye na fedha nyingi kumzidi lazima mwishowe afilisike. Kitabu hicho kilifika mikononi mwa wakubwa wa elimu na kumpatia nafasi ya kurudi kufundisha Lyon. Alirudi mwaka wa 1803. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Julie alifariki.

Ampère hakuweza tena kuishi Lyon. Mwishoni mwa 1804 alikwenda Paris kuwa msaidizi wa kufundisha katika École polytechnique, shule kubwa ya wahandisi. Mwaka wa 1806 alioa mara ya pili, lakini ndoa hiyo ilivunjika karibu mara moja, hata kabla binti yao Albine hajazaliwa mwaka wa 1807. Binti alibaki kwa baba.

Kazini alipanda. Mwaka wa 1808 aliwekwa kuwa mkaguzi mkuu wa shule, kazi iliyomzungusha nchi nzima kila mwaka. Mwaka wa 1809 akawa profesa wa hesabu katika École polytechnique. Mwaka wa 1814 alichaguliwa kuingia katika chuo cha wataalamu wa Ufaransa. Alijihusisha na hesabu, kemia na falsafa, na alirukia jambo moja kabla ya kumaliza lingine. Hadi kufikia miaka 45 hakuna aliyemtaja kama mtu wa umeme.

Wiki tatu za Septemba 1820

Mwaka huo wa 1820, mjini Copenhagen, profesa Hans Christian Ørsted aliona jambo dogo lililobadilisha dunia. Alipopitisha umeme wa batri ndani ya waya, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Hadi siku hiyo watu walidhani umeme na sumaku ni ndugu wasiojuana. Ørsted alitoa habari hiyo mwezi wa Julai.

Mtaalamu François Arago aliona jaribio hilo likirudiwa Geneva, akalileta Paris. Tarehe 4 Septemba alilieleza mbele ya wenzake, na wengi hawakuamini. Tarehe 11 Septemba alilifanya machoni mwao. Ampère alikuwa ameketi humo. Tarehe 18 alisimama na maelezo yake ya kwanza, na tarehe 25 akaleta jaribio lake mwenyewe: alichukua nyaya mbili zilizolala sambamba, akapitisha umeme ndani ya zote mbili, bila sumaku yoyote karibu. Umeme ulipokwenda upande mmoja katika nyaya zote mbili, zilivutana. Ulipokwenda pande tofauti, zilisukumana.

Kwa jaribio hilo Ampère alitoa wazo zito. Sumaku yenyewe, alisema, si kitu cha pekee. Ni umeme unaozunguka ndani ya chembe za chuma, mizunguko midogo isiyohesabika inayotazama upande mmoja. Alizungusha waya kama chemchemi, akapitisha umeme, na chemchemi hiyo ikawa na tabia ya sumaku. Aliipa jina la solenoidi, jina ambalo mafundi wa magari bado wanalitumia.

Lakini kwa habari yetu ya leo, jambo kubwa zaidi aliloleta mwaka huo ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu walivichanganya. Kimoja ni msukumo, ambao leo tunaupima kwa volti. Kingine ni mkondo, yaani umeme wenyewe unaopita. Mtu wa Lualaba anaweza kuelewa kwa kutazama mabwawa ya Nzilo na Nseke. Kimo ambacho maji yanaanguka ni kama volti. Wingi wa maji yanayopita kila sekunde ni kama amperi. Maji yanaweza kuwa na kimo kikubwa yakiwa yamesimama nyuma ya ukuta, bila hata tone kupita.

Ampère alionyesha pia kwamba mkondo ni uleule katika mzunguko mzima. Sindano ya dira iligeuka karibu na waya, na iligeuka vilevile karibu na batri yenyewe. Umeme hauanzi upande mmoja na kuisha upande mwingine. Unazunguka. Kwa hiyo alipendekeza sindano ya dira itumiwe kama chombo: ikigeuka sana, mkondo ni mkubwa, ikigeuka kidogo, mkondo ni mdogo. Chombo hicho alikiita galvanometa. Mwaka huohuo, Mjerumani Schweigger alizungusha waya mara nyingi kuizunguka sindano, ili hata mkondo dhaifu uonekane.

Kuondoa kelele kwanza

Hapa Ampère alikutana na tatizo ambalo kila anayepima kitu kidogo atakutana nalo. Dunia yenyewe ni sumaku. Sindano ya dira inavutwa na dunia saa zote. Mkondo ukiwa mdogo, mvuto wa dunia unaufunika na kipimo kinadanganya.

Ampère alitengeneza sindano iliyowekwa kwa namna ambayo mvuto wa dunia haukuweza kuigeuza. Ilibaki kutii umeme wa waya peke yake. Alipofanya hivyo aliona kwamba sindano haigeuki nusu tu kama wengine walivyoona. Inasimama kabisa kuukata waya kama msalaba. Nusu ile ilitokana na ugomvi kati ya waya na dunia.

Miaka iliyofuata alizidi kwenda njia hiyo. Hakuwa na vyombo vya kupima nguvu ndogo kwa usahihi, basi alipanga majaribio ambamo nguvu mbili zinapingana hadi kitu kisisogee hata kidogo. Kutosogea ndilo lilikuwa jibu lake. Kutokana na majaribio manne ya namna hiyo, pamoja na hesabu alizozijua tangu utoto, alijenga kanuni ya nguvu kati ya mikondo ya umeme. Alichapisha kazi hiyo kamili kati ya 1826 na 1827. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Mskoti James Clerk Maxwell, mmoja wa wakubwa wa fizikia, alimlinganisha Ampère na Newton.

Mkondo mdogo alioupuuza

Hata hivyo mtu huyu aliyefundisha kupima alipitwa na mkondo mmoja mdogo, na kosa hilo linafaa kusimuliwa.

Mwaka wa 1822 alikuwa Geneva kwa rafiki yake kijana, Auguste de La Rive. Walitundika pete ya shaba ndani ya waya uliozungushwa, bila pete kugusa waya. Wakapitisha umeme katika waya na kusogeza sumaku yenye nguvu. Pete ilicheza. Maana yake, umeme ulikuwa umezaliwa ndani ya pete, ingawa hakuna batri iliyofungwa kwake.

Jambo hilo lilikuwa ufunguo wa jenereta zote, kuanzia ile ya dukani hadi turbini za Nzilo. Ampère aliliona kwa macho yake. Lakini halikuharibu wala kusaidia nadharia aliyokuwa akiijenga, basi akaliacha. Mwaka wa 1831, mjini London, Michael Faraday alilitafuta kwa makusudi, akalikuta, akalieleza na kupata heshima yote. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, hakujua hesabu ngumu, lakini hakupuuza mtikisiko mdogo wa sindano uliodumu kwa kufumba jicho. Ampère alijaribu kukumbusha watu jaribio lake la Geneva, ila saa ilikuwa imepita.

Alichofanya baada ya hapo ni cha kuheshimika. Hakununa. Mwaka wa 1832 alimsaidia kwa mawazo fundi wa vyombo Hippolyte Pixii, aliyekuwa ametengeneza mashine ya kuzungusha sumaku ili kutoa umeme. Umeme wa mashine hiyo ulikwenda mbele na nyuma. Kwa shauri la Ampère, Pixii aliongeza kipande kinachogeuza miunganisho kila nusu mzunguko, na umeme ukaanza kutoka upande mmoja tu.

Mwisho Marseille

Tangu 1824 Ampère alikuwa pia profesa wa fizikia katika Collège de France. Fedha hazikumtosha kamwe, kwani vyombo vingi vya majaribio alivigharimia mwenyewe. Mwanawe Jean-Jacques alikuwa mtu wa vitabu na lugha, hakufuata hesabu. Binti yake Albine aliolewa vibaya, na shida za ndoa hiyo zikaja kuishi nyumbani kwa baba.

Miaka ya mwisho Ampère alijitolea kwa kazi isiyo na mwisho: kupanga elimu zote za wanadamu katika jedwali moja. Humo alitumia neno la Kigiriki kuitaja elimu ya kuongoza serikali, na zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu wa mashine zinazojiongoza walilitumia neno hilohilo, sibanetiki. Mikrokontrola ni mtoto wa elimu hiyo.

Mwaka wa 1836, akiwa mgonjwa wa mapafu, aliondoka tena kwenda kukagua shule za kusini. Alifika Marseille akiwa hoi. Alifariki huko tarehe 10 Juni 1836, mbali na watoto wake, akiwa na miaka 61. Alizikwa huko, na mwaka wa 1869 mabaki yake yalihamishiwa Paris, katika makaburi ya Montmartre.

Jina linakuwa kipimo

Mwaka wa 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris ili kukubaliana vipimo vya umeme. Kila nchi ilikuwa na vyake, na biashara ya telegrafu na taa haikuweza kuendelea hivyo. Walichagua majina ya watu: volti kutoka kwa Volta wa Italia, omu kutoka kwa Ohm wa Ujerumani, na amperi kwa mkondo. Miaka michache baadaye jina la Ampère liliandikwa pia kwenye Mnara wa Eiffel, pamoja na majina ya wataalamu wengine 71.

Mwaka wa 1948 amperi ilielezwa kwa jaribio lake mwenyewe la Septemba 1820, yaani kwa nguvu inayovuta nyaya mbili sambamba zilizo mita moja kutoka kwa nyingine. Tangu tarehe 20 Mei 2019 inaelezwa kwa kuhesabu umeme wa elektroni. Amperi moja ni elektroni bilioni bilioni 6 na zaidi zinazopita kila sekunde. Hata mikroamperi moja, ambayo tunaiona kuwa si kitu, ni elektroni trilioni 6 kila sekunde.

Kwenye meza ya fundi wa Lubudi

Kwetu umeme mkubwa unajulikana. Laini kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kama kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka wa 1982 na inabeba mamia ya amperi kwa volti laki tano ili kulisha migodi. Shaba ya Lualaba hutengeneza nyaya, kobalti yake huingia katika batri za dunia nzima. Lakini kijana wa Lubudi, mji uliokua pamoja na reli na saruji, anayetaka kuweka kipimo cha mvua kabla ya msimu kuanza, anahangaika na upande wa pili wa hesabu, ule mdogo.

Tuseme ana batri ya miliamperi 2,000 kwa saa. Kadi yake ikiwa imelala na inakula miliamperi 10, batri itakwisha kwa saa 200, yaani siku nane na kidogo. Ikila mikroamperi 10, hesabu ya karatasi inatoa saa 200,000, miaka zaidi ya 22, na batri itakufa kwa uzee kabla ya hapo. Sasa aongeze kuamka: kila dakika 15 kadi inafanya kazi kwa sekunde mbili na kula miliamperi 50. Wastani unakuwa kama mikroamperi 120, na batri itadumu karibu miaka miwili. Kati ya siku nane na miaka miwili, tofauti yote iko katika usingizi wa kadi. Asipoupima, atatembea kilomita nyingi kwenye matope na kukuta kifaa kimezimika wakati mvua kubwa ilipopita.

Masomo ya Ampère yanamsaidia moja kwa moja.

La kwanza, mkondo unapita, hausimami. Basi multimeta haibandikwi kwenye ncha mbili za batri kama wakati wa kupima volti. Ikiwa kwenye upande wa amperi na kubandikwa hivyo, fyuzi yake itaungua mara moja. Lazima waya mmoja ukatwe, na multimeta iingie katikati ili umeme wote upite ndani yake.

La pili, ondoa kelele kwanza, kama Ampère alivyoondoa mvuto wa dunia. Kadi za majaribio zina taa ndogo inayowaka saa zote, kipande cha kuongea na kompyuta na kipande cha kusawazisha volti. Mikrokontrola inaweza kuwa inakula mikroamperi chache, huku taa peke yake ikila miliamperi moja au mbili, yaani mamia ya mara zaidi. Anayepima kadi nzima anapima taa. Pia waya wa kompyuta uchomolewe, maana nao unalisha kadi kwa mlango wa nyuma. Kadi nyingine zina pini mbili zilizounganishwa kwa kipande kidogo, zilizowekwa makusudi ili mtu akitoe na kupima mikrokontrola peke yake. Zitumike.

La tatu, chombo chenyewe kinaingia katika mzunguko na kuubadilisha. Multimeta hupima mkondo kwa kuupitisha katika rezistansi ndogo iliyo ndani yake. Kwenye kipimo cha mikroamperi, rezistansi hiyo inaweza kufika omu 100 au zaidi. Kwa mikroamperi 10 inameza milivolti moja tu, hakuna tatizo. Lakini kadi ikiamka na kutaka miliamperi 30, rezistansi hiyohiyo inameza volti tatu. Kadi ya volti 3.3 inabaki na volti 0.3, inazimika, inajiwasha upya, inazimika tena, na fundi anadhani programu yake ina kosa. Dawa ni rahisi: funga waya mfupi kuvuka ncha mbili za multimeta wakati kadi inawaka, ngoja ilale, kisha ondoa waya huo na usome.

Na la nne linatoka Geneva. Multimeta ya kawaida inaonyesha wastani, haioni vizuri mruko mfupi sana. Namba ikicheza kidogo kisha ikarudi, kadi huenda imeamka bila kuombwa. Afadhali kutafuta sababu siku hiyohiyo mezani, kabla ya kifaa kwenda porini. Ampère aliona pete ya shaba ikicheza na akaiacha. Aliyerudi kuitafuta miaka tisa baadaye alikuwa mtu mwingine.

Nyumba ya utoto wake huko Poleymieux ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya umeme mwaka wa 1931, na wageni bado wanakwenda kutazama vyombo vinavyofanana na alivyotengeneza: nyaya, batri na sindano inayogeuka. Kwa yule wa Lubudi asiye na pasipoti wala tikiti, jaribio la Ørsted linahitaji batri moja ya tochi, waya wa shaba wenye urefu wa mkono na dira ya bei ndogo. Waya uguse batri kwa nukta chache tu usije ukaunguza vidole, na sindano itageuka.